Toa Ishirini

Daktari Ruwa ndiye aliyenifundisha kumwambia mgonjwa ukweli bila kumtisha, na yeye mwenyewe sijapata kumwona akijiambia ukweli hata mara moja. Nimefanya naye kazi miaka tisa katika kliniki yake ya vyumba viwili pale Mikindani, juu kidogo ya barabara kuu, mahali ambapo malori yakipita vioo vya madirisha hutetemeka. Mimi ni muuguzi wake, jina langu Mbeyu. Haya ninayoyaeleza sikusimuliwa na mtu, nilikuwemo, na laiti nisingekuwemo.

Watu wa Mikindani na Chaani wanampenda, wala si bure. Anazijua familia kwa majina mpaka wajukuu. Atakuuliza habari za mguu wa babu yako kabla hujakaa kitini. Chumvi punguza, atakwambia, mafuta ya kukaangia usiyarudie mara ya tatu, tembea nusu saa kila siku hata kama ni kwenda kituoni na kurudi, lala mapema, sigara achana nazo. Anayasema kwa sauti ya upole, na nimewaona mama wazima wakitoka mle ndani wameapa kuacha chai ya sukari vijiko vinne.

Akishawatoa wagonjwa, yeye huingia chumba cha nyuma akawasha sigara. Husimama dirishani, akapuliza nje, kisha akala peremende, na anadhani sisi hatujui. Asubuhi hanywi chai kwa kuwa hana nafasi. Saa saba huletewa chipsi na soda ya chupa kubwa. Saa kumi kichwa humuuma, basi humeza vidonge viwili vya maumivu bila maji na kuendelea na kazi. Kutembea kwake ni kutoka garini hadi mlangoni. Jioni miguu humvimba hata akavua viatu chini ya meza, nami nikiingia na mafaili najifanya sioni. Siku moja mkewe Dorothy alinipigia simu akaniuliza, "Mbeyu, huko kazini mwenzangu anakula nini?" Nikamwambia anakula vizuri. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya kwanza katika habari hii, na ndiyo ndogo kuliko zote.

Kupimwa, alikuwa hapimwi. Nani angempima? Mara moja nilimtania, "Daktari, leo tukupime presha nawe?" Akanijibu bila hata kuinua macho, "Mimi ni mia moja kumi na nane kwa sabini na sita." Namba hizo alizipata chuoni, alipopimwa na mwanafunzi mwenzake miaka ishirini na minne iliyopita, na tangu siku hiyo hakuwahi kuzibadilisha.

Mwezi wa pili mwaka huu mashine yetu ya presha ya kupampu ilikufa. Mpira wake ulipasuka. Akanunua nyingine ya betri, ile inayobana mkono yenyewe kisha ikaonyesha namba kwenye kioo. Asubuhi ya kwanza akaiweka mezani akaizungusha huku na huku, maana vitu vipya havimwingii moyoni upesi.

"Kabla ya kumpima mtu tuijaribu kwanza," akasema. "Tuijaribu kwa mtu ambaye presha yake tunaijua."

Akakunja mkono wa shati. Mimi nikamfunga ule mkanda. Mashine ikanguruma, ikabana, ikalegea, na namba zikatokea: mia moja sabini na nne kwa mia moja na nane.

Daktari akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu aliyeona jambo la kuchekesha. Akarudia mkono wa pili, ikasoma mia moja sabini na mbili. "Umeona? Nilijua tu. Inapandisha. Vitu hivi vinatengenezwa ovyo ovyo siku hizi."

"Tuirudishe dukani?"

"Kuirudisha ni usumbufu, na watu wamejaa hapo nje. Inapandisha kwa kipimo kimoja, kwa hivyo tutaijua na kuizoea. Kila utakayempima, ile namba ya juu toa ishirini, ya chini toa kumi. Hapo tutakuwa tumempa haki yake kabisa, na bado tumeacha nafasi ya tahadhari, maana kwangu imezidisha zaidi ya hamsini."

Alipotoka kwenda kuosha mikono, nilijifunga mkanda mimi mwenyewe. Mashine ikanipa mia moja kumi na mbili kwa sabini. Presha yangu ndiyo hiyo siku zote. Nilipimwa hivyo kila kliniki ya wajawazito kwa wanangu wote watatu. Nikamwambia aliporudi. Akanitazama mkono na kusema, "Wewe umekonda sana, haikushiki vizuri," na akamwita mgonjwa wa kwanza.

Nilinyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na majibu yangu yote ni ya aibu. Nilimheshimu, hilo moja. La pili, kama mashine ilikuwa nzima, basi daktari wetu ndiye aliyekuwa mgonjwa, nami sikutaka kuwa mtu wa kumwambia. Lakini la tatu ndilo la kweli zaidi: kutoa ishirini kwenye karatasi ni kazi nyepesi kuliko kubishana na mkubwa wako kila asubuhi. Nilikuwa nasoma kiooni, natoa kichwani, naandika kwenye kadi. Baada ya wiki moja sikuwa hata nafikiri. Na watu walikuwa wakifurahi! Wanaingia na wasiwasi, wanatoka wakitabasamu, na Daktari anawapongeza kwa kufuata masharti yake.

Nyamvula alikuja mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Ni mama wa Chaani, mshonaji wa sare za shule, mwenye presha ya miaka sita na nidhamu ya kumeza dawa ambayo ningewaombea wagonjwa wote. Alikuja na bintiye Velma, msichana wa miaka ishirini na mitatu, mkimya, aliyembebea mamake mkoba. Nyamvula akalalamika kichwa kizito upande wa kisogo. Nikampima. Mashine ikasema mia moja sitini na nane kwa mia moja na mbili. Nikaandika mia moja arobaini na nane kwa tisini na mbili.

Daktari akaitazama kadi, akalinganisha na ya miezi ya nyuma, uso ukamchangamka. "Mama, umeshuka! Hongera. Sasa hivi vidonge viwili vitakuwa vingi kwako. Meza kimoja tu, cha asubuhi. Kichwa hicho ni macho, ni kazi ya cherehani. Pumzisha macho."

Nyamvula akamshukuru mpaka akamshika mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na kalamu yangu.

Alianguka Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, mchana, nyumbani kwake, akichagua mchele. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukapooza, mdomo ukapinda, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Jumatatu habari zilitufikia, na Daktari akaenda kumtazama hospitalini. Aliporudi alisema, "Alikuwa ameshuka vizuri kabisa. Haya mambo ya mwili ni siri ya Mungu."

Sasa nitasema jambo linalonikosesha raha kuliko yote. Siku ile ya Jumatatu, baada ya kusikia, niliwapima watu wanne wengine, na kila mmoja nikamtolea ishirini. Kesho yake watatu. Nilijua, na mkono wangu ukaendelea.

Wiki tatu zilipita. Nyamvula akaruhusiwa kurudi nyumbani. Alhamisi moja Velma akaja kliniki peke yake. Nilimwona benchini nisimtambue mara moja, kwa jinsi alivyokonda. Nikampeleka pembeni.

"Shikamoo, dada Mbeyu."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Vivyo hivyo. Mjomba Katana amenituma. Jumamosi familia ina kikao pale nyumbani. Anamwomba Daktari aje aieleze ile kadi ya mama."

"Kadi ina nini?"

Akainamisha kichwa. Ilibidi nimvute maneno moja moja. Velma alikuwa amepata nafasi ya kwenda Saudia kufanya kazi za ndani, na asubuhi ya Jumapili ile alikuwa amemwambia mamake. Mama akakataa, binti akashikilia, sauti zikapanda mpaka majirani wakasikia. Saa nane mama akaanguka. Hospitalini madaktari waliuliza kama alikuwa na presha, familia ikatoa kadi, na kadi ikaonyesha kwamba wiki tatu tu zilizopita mama alikuwa ameshuka, hata dawa amepunguziwa. Basi kila mtu akafanya hesabu yake. Kama presha ilikuwa nzuri, kilichompandisha ni kitu kimoja tu.

"Wanasema ni mimi," Velma akasema. "Nami nimeangalia kadi, dada, naona wanasema kweli. Alikuwa anapona. Mjomba anataka Daktari aeleze mbele ya watu, kisha niombe msamaha. Nitaomba. Pasipoti nimeshampa Mjomba."

Hakulia. Afadhali angelia. Alinishukuru kwa kumsikiliza akaondoka, na mimi nikaenda chooni nikajifungia nikalia badala yake, huku najichukia kwa kila chozi.

Nilipotoka sikubisha hodi. Daktari alikuwa dirishani na sigara yake, akaificha nyuma ya mgongo kama kawaida.

"Daktari, Nyamvula alikuwa mia moja sitini na nane."

"Nani? Si tuliandika arobaini na nane?"

"Tuliandika. Lakini alikuwa sitini na nane. Mashine ni nzima. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza, nami nilijua."

Nikaileta mashine. Nikajifunga mkanda mbele yake: mia moja kumi na nne kwa sabini na mbili. Nikamwita Mama Rosalia, mfagiaji wetu, mnene, mwenye mkono wa kushika mkanda barabara. Ikasoma mia moja ishirini na sita. Kisha nikasimama mbele ya Daktari nikiwa nimeufungua ule mkanda. Alizima sigara, akakunja shati taratibu, akanipa mkono.

Mia moja themanini na sita kwa mia moja na kumi na nne.

Aliitazama ile namba mpaka kioo kikazimika chenyewe. Akakibonyeza kiwake, akaitazama tena. "Nimeshawaambia watu wangapi?" akauliza. Nikamletea daftari. Watu sitini na watatu katika wiki zile. Kumi na mmoja kati yao alikuwa amewapunguzia dawa.

Alhamisi ile na Ijumaa yote tulifunga mlango tukapiga simu. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga, mmoja baada ya mwingine, na kwa wengi alisema tu kwamba kulikuwa na kosa katika kupima, waje tena, wasiache dawa. Fundi mmoja wa malori, Kamau, mtu wa bara, nilimsikia kwenye simu akisema kwa sauti kubwa, "Si uliniambia niko fiti, daktari? Na vile nimekula nyama!" Daktari akacheka kidogo, kisha akamrudia kwamba aje kupimwa tena. Wote sitini na wawili walipatikana, na sijui nimshukuru nani. Aliyebaki alikuwa Nyamvula.

"Jumamosi nitasema," akaniahidi. "Nitasema mimi mwenyewe. Wewe nyamaza tu."

Kikao kilikuwa saa tisa alasiri. Nyamvula alikuwa amelazwa sebuleni kwenye kitanda kilichoondolewa chumbani, mto chini ya mkono wake wa kulia. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Walikuwepo mashangazi wawili na Mzee Katana, kakake Nyamvula, mstaafu wa bandarini na mzee wa kanisa, mtu wa haki lakini mkali. Velma alikaa mkekani karibu na mlango, miguu ameikunja, peke yake. Viti viwili vilikuwa vitupu na hakuna aliyemwambia akalie.

Tukasalimiana, tukaombewa. Mzee Katana akasema, "Daktari, sisi hatuna ugomvi nawe. Umemtunza dada yangu miaka sita. Tunataka tu utueleze kama msomi. Mtu ambaye presha yake imeshuka, anaangushwa na nini?"

Daktari akasafisha koo. Alikuwa amevaa tai. Nilimwona akiitazama kadi waliyompa, kisha akimtazama Nyamvula, kisha akitazama sakafu.

"Mzee, kwanza niseme kwamba mashine ya siku ile ilikuwa na hitilafu kidogo. Kwa hivyo ile namba si ya kutegemea sana."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Basi bila maneno ya mtoto huyu, dada yangu angeanguka?"

Daktari alilegeza tai. Jasho lilimtoka puani. "Hilo ni vigumu kusema," akajibu. "Hasira nayo huchangia."

Nikaona kichwa cha Velma kinashuka zaidi. Hapo nikamkasirikia yule mwanamume kwa hasira ambayo sikujua ninayo. Miaka tisa namficha. Nimemfichia sigara, miguu, chipsi, nimemdanganya mpaka mkewe, na leo anaketi kwenye kiti cha heshima huku anamwachia msichana wa watu mzigo wake!

"Mashine haikuwa na hitilafu," nikasema. Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka. "Mzee, niwie radhi. Mashine ni nzima. Mama alikuwa na presha ya juu sana siku ile, mimi niliiona kwa macho yangu, nikaandika namba ya chini kwa mkono wangu. Kwa namba hiyo ya uongo akapunguziwa dawa. Alikaa wiki tatu na presha iliyopanda na nusu ya dawa. Velma hakuifanya hiyo. Tuliifanya sisi."

Shangazi mmoja akasema "Yesu wangu!" Mzee Katana hakunitazama mimi. Alimtazama Daktari.

"Ni kweli?"

Daktari akavua miwani. Nilidhani atanikana, na nilikuwa tayari. Lakini alisema, "Ni kweli. Mimi ndiye niliyemwamuru." Kisha akaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na safari hii hakupunguza kitu: jinsi alivyojipima, jinsi alivyocheka, jinsi alivyoona ni rahisi mashine nzima nzima iwe mbovu kuliko yeye kuwa mgonjwa. "Niliogopa," akasema. "Nawaambia watu kila siku wasiogope kupimwa, nami niliogopa namba. Nikawapunguzia nyinyi ili yangu iwe ndogo."

Mzee Katana aliweka mikono juu ya magoti. "Daktari," akauliza, "na wewe daktari wako ni nani?"

"Sina."

"Miaka yote hii?"

"Sina, Mzee."

Nyamvula akatoa sauti kitandani. Hatukuelewa maneno, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka kuelekea mlangoni, vidole vinaita. Mzee Katana akatazama mkono ule unakoelekea, akainuka mwenyewe, mtu wa miaka sabini, akaenda kumshika Velma kwapani akamwinua kutoka mkekani. "Nenda kwa mamako," akamwambia. "Nisamehe, mwanangu." Velma akaanguka kifuani mwa mamake, na hapo ndipo alipolia, kilio cha wiki tatu.

Sisi wawili tuliinuka tukiwa hatujui tufanye nini na miili yetu. Mzee Katana alisema kwamba familia itakaa na kuamua iende wapi na jambo hili, na Daktari akajibu kwamba popote watakapokwenda atakwenda na kusema vile vile. Hakupewa mkono. Alitoka akaenda kukaa garini.

Mimi nilikuwa navaa viatu vyangu pale kizingitini nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Velma, macho yamevimba, uso umetulia. Nikaanza kusema nisamehe, akanizuia kwa kichwa tu, hakuwa na hasira.

"Dada Mbeyu, siku ile nilikuwa nimekaa pembeni yako. Nilikuona unatazama kioo, unasita kidogo, kisha unaandika. Nikasema moyoni, huyu ni mtu makini, hataki kukosea hata namba moja. Nikashukuru mama yuko mikononi mwako."

Kisha akasema anakwenda kumgeuza mama, wakati wake wa kugeuzwa umefika, akarudi ndani.